Nevada: Fedha Iliondoka, Ardhi Ikabaki

Neno fedha lina maana mbili katika lugha yetu. Maana ya kwanza ni madini meupe yanayong'aa. Masonara huyatumia kutengeneza pete, mikufu na vikuku. Maana ya pili ni pesa za kununulia chumvi na sukari. Katika makala hii tukisema fedha, tunataka kusema yale madini. Tukitaka kusema za kununulia, tutasema pesa.

Leo tunasafiri mbali. Tunakwenda Marekani, upande wa magharibi, kwenye jimbo liitwalo Nevada. Jimbo hili lilikua kwa sababu ya fedha. Watu walikuja mbio wakachimba. Wachache wakatajirika. Kisha wengi wakaondoka. Je, waliacha nini nyuma yao? Nani alifaidi, na nani alilipa? Hayo ndiyo tutakayoeleza. Sisi wa vijijini, na hasa tunaokaa karibu na machimbo, habari hii inatuhusu.

NCHI YENYEWE ILIVYO

Nevada ni nchi kavu. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 286,000. Tanzania ni kubwa kuliko Nevada zaidi ya mara tatu.

Upande wa magharibi kuna safu ndefu ya milima iitwayo Sierra Nevada. Maana ya jina hilo kwa Kihispania ni milima yenye theluji. Theluji ni barafu laini inayoanguka kama mvua wakati wa baridi kali. Jimbo lilipata jina lake kutokana na milima hiyo.

Mawingu hutoka bahari ya Pasifiki yakiwa yamebeba maji. Yakifika kwenye milima ile hupanda juu, hupoa, na kumwaga mvua na theluji. Yakivuka ng'ambo ya pili, maji yamekwisha. Ndiyo maana Nevada ni jimbo kavu kuliko majimbo yote ya Marekani. Wastani wa mvua ni milimita 250 hivi kwa mwaka. Dodoma yetu, tunayosema ni kame, hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Mabonde ya Nevada ni mapana. Yamejaa vichaka vifupi vyenye majani ya kijivu na harufu kali. Kati ya bonde na bonde kuna mlima. Mchana wa kiangazi jua ni kali. Usiku wa majira ya baridi maji huganda ndani ya ndoo.

Kuna jambo moja kuhusu mito ya huko. Mingi haifiki baharini. Hutoka milimani, hushuka bondeni, kisha huishia katika ziwa au katika mbuga ya chumvi. Ni kama ziwa Rukwa au ziwa Eyasi hapa kwetu. Maji yanaingia, lakini hakuna mto unaoyatoa. Yanapungua kwa kukaushwa na jua tu. Basi, ukichafua mto wa namna hiyo, uchafu hauendi baharini. Unabaki humo humo nchini. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia.

WENYEJI WALIVYOISHI

Nchi hiyo haikuwa tupu. Wenyeji wake walikuwa watu wa Paiute, Washoe na Shoshone. Waliijua kila chemchemi na kila bonde.

Chakula chao kikubwa cha majira ya baridi kilitoka kwenye mti. Mti huo ni aina ya msonobari mfupi unaoota kwenye vilima. Mbegu zake zina mafuta na huliwa kama njugu. Wakati wa vuli watu walikwenda vilimani wakiwa pamoja, wazee kwa watoto. Walipiga matawi kwa fito ndefu ili matunda yaanguke. Walikaanga mbegu, wakazisaga juu ya mawe na kupika uji. Nyingine waliweka akiba. Akiba hiyo ikiwa nzuri, familia ilivuka baridi salama.

Chakula kingine kilikuwa samaki. Huko kuna ziwa liitwalo Pyramid. Maji yake yanaletwa na mto Truckee. Kila mwaka samaki walipanda mto kutoka ziwani kwenda kutaga mayai, na Wapaiute waliwavua. Waliwinda pia sungura kwa nyavu ndefu, na ngozi zake walisuka mablanketi.

Kwa hiyo maisha yao yalisimama juu ya mambo matatu: miti, maji na nyasi. Sasa tuone yaliyoyapata mambo hayo matatu.

MATOPE MEUSI

Mwaka 1859 watafutaji wawili wa dhahabu, Peter O'Riley na Patrick McLaughlin, walikuwa wakiosha mchanga kwenye mlima wa upande wa magharibi wa Nevada. Wote wawili walikuwa wametoka Ayalandi. Walipata dhahabu. Mwenzao mmoja mwenye maneno mengi, Henry Comstock, alikuja akadai kwamba mahali pale ni pake. Ili kuepuka ugomvi, wakamwingiza katika kazi. Mwamba wote ukaitwa kwa jina lake, Comstock.

Walikuwa na kero moja. Matope mazito ya rangi ya buluu na nyeusi yalikuwa yakiwasumbua katika kuosha dhahabu. Wakayatupa pembeni. Baadaye watu wakachukua mawe hayo, wakayapeleka California kupimwa. Kumbe yale matope yaliyotupwa yalikuwa na fedha nyingi sana!

Habari ikatapakaa. Watu wakavuka milima kwa miguu na kwa nyumbu. Mji ukaota pale mlimani, ukaitwa Virginia City. Mwanzoni watu walilala katika mahema na mashimo. Baada ya miaka michache kulikuwa na majumba ya matofali, makanisa, shule, vilabu vya pombe na jumba la michezo ya kuigiza. Lilikuwepo pia gazeti, Territorial Enterprise. Mwandishi mmoja kijana alianza kazi katika gazeti hilo mwaka 1862, na mwaka 1863 akaanza kujiita Mark Twain. Baadaye alijulikana dunia nzima kwa vitabu vyake.

Na wale waliotangulia je? Comstock aliuza sehemu yake kwa dola 11,000 hivi. Pesa hizo hazikukaa. Mwaka 1870 alikufa akiwa hana kitu. McLaughlin aliuza kwa dola 3,500, na yeye pia alikufa maskini. Aliyeona mali wa kwanza siye aliyekula.

Na mwaka 1860 ikazuka vita. Chanzo chake kilikuwa uovu. Wazungu wa kituo kimoja cha biashara waliwakamata wasichana wawili wa Kipaiute na kuwaficha. Wapaiute waliwaokoa, wakawaua wanaume wa kituo kile. Kiongozi wao mmoja, Numaga, alikuwa amewasihi watu wake wasiingie vitani, maana wageni ni wengi kama mchanga. Lakini damu ilikwisha kumwagika. Tarehe 12 Mei 1860 kikosi cha wachimbaji na wafanya biashara kilikwenda kuwashambulia Wapaiute karibu na ziwa Pyramid. Kikapigwa vibaya. Mwezi Juni likaja jeshi kubwa zaidi, na Wapaiute wakarudi nyuma. Serikali ikajenga boma la askari katika nchi yao. Wahenga wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, mwenyeji akaugua.

JIMBO LILILOPITA KWENYE WAYA

Nevada ilikuwa eneo chini ya serikali kuu kuanzia mwaka 1861. Wakati huo Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Majimbo ya kusini yalikuwa yamejitenga kwa ajili ya kutetea utumwa. Rais Abraham Lincoln alikuwa akigombea tena urais mwaka 1864. Chama chake kilitaka majimbo zaidi ya kukiunga mkono, na kura zaidi za kuondoa utumwa katika katiba. Kwa hiyo Nevada ilikaribishwa kuwa jimbo upesi, ingawa watu wake walikuwa wachache.

Katiba ya kwanza iliyoandikwa mwaka 1863 ilikataliwa na wapiga kura. Sababu kubwa ilikuwa kodi. Katiba ile ilitaka migodi yote itozwe kodi, hata ile ambayo bado haijatoa kitu. Wachimbaji wakasema hapana. Katiba ya pili ikasema kwamba kodi itatozwa kwenye kile kinachotoka mgodini tu. Hiyo ndiyo iliyopita.

Muda ulikuwa mfupi. Katiba nzima ikapelekwa Washington kwa telegramu, yaani simu ya maandishi inayopita kwenye waya, neno baada ya neno. Yalikuwa maneno zaidi ya 16,000. Gharama yake ilizidi dola 4,300. Tarehe 31 Oktoba 1864 Lincoln akatangaza Nevada kuwa jimbo la 36. Uchaguzi ulifanyika siku nane baadaye.

Jimbo jipya lilipiga marufuku utumwa. Hilo ni jambo jema. Lakini katiba ile ile iliwapa kura wanaume weupe peke yao. Wapaiute, Wachina, watu weusi na wanawake hawakuwa na sauti.

KAZI YA CHINI KWA CHINI

Fedha ya Comstock haikuwa ya kuchimba kwa jembe. Mwamba ulishuka chini sana, na ulikuwa mpana na laini. Mtu akichimba, juu kunaporomoka. Mwaka 1860 fundi mmoja Mjerumani, Philip Deidesheimer, akabuni njia mpya ya kupanga matimba. Magogo mazito yaliunganishwa yakawa kama sanduku lisilo na kuta. Sanduku liliwekwa juu ya sanduku, na sanduku kando ya sanduku, kama vyumba vya sega la asali. Hivyo pengo lolote liliweza kushikiliwa. Njia hiyo iliokoa watu wengi.

Lakini adui mwingine alikuwa joto. Kadiri walivyoshuka ndivyo mwamba ulivyozidi kuwa wa moto. Mashimo mengine yalipita mita 900 kwenda chini. Huko maji ya moto yaliruka kutoka kwenye mwamba, na yaliweza kumwunguza mtu. Wachimbaji walifanya kazi kwa dakika chache, kisha wakapumzika karibu na vipande vya barafu vilivyoteremshwa kutoka juu. Si mchezo!

Tarehe 7 Aprili 1869 moto ulishika matimba katika mgodi wa Yellow Jacket. Moshi ulienea hadi migodi ya jirani. Watu wasiopungua 35 walikufa.

Wachimbaji waliunda chama chao cha wafanyakazi. Chama kilisimama imara juu ya jambo moja: kila mtu anayefanya kazi chini ya ardhi alipwe dola 4 kwa siku. Wakati ule huo ulikuwa mshahara mkubwa. Umoja wao uliwasaidia. Ila umoja huo ulikuwa na mlango uliofungwa. Wachina hawakuruhusiwa kufanya kazi migodini. Wachina ndio waliojenga sehemu kubwa ya reli iliyovuka Sierra Nevada na kufika Reno mwaka 1868. Tena ndio waliolima njia ya reli ya kwenda Virginia City mwaka 1869. Mwaka huo huo wachimbaji waliandamana kuwafukuza wasikaribie mji. Wachina wakabaki na kazi za kufua, kupika na kuuza kuni.

MITI ILIKOKWENDA

Hebu fikiri. Kila pengo chini ya ardhi lilihitaji magogo. Kila mashine ya mvuke ilihitaji kuni. Kila nyumba ilihitaji mbao, na kila jiko lilihitaji moto wakati wa baridi. Miti hiyo yote ilitoka wapi?

Kwanza ilikatwa misonobari mifupi ya vilima vya karibu, ile ile iliyowapa wenyeji chakula. Ilikuwa kuni nzuri. Mti uliolisha familia miaka mingi uliisha katika jiko la mashine kwa siku moja. Mtu wa Paiute aliyekwenda kilimani vuli iliyofuata alikuta visiki. Wengi wakalazimika kwenda mjini na mashambani kutafuta vibarua.

Kisha wakageukia misitu mikubwa ya Sierra Nevada, kuzunguka ziwa Tahoe. Walijenga mifereji ya mbao yenye umbo la herufi V. Walitia maji ndani yake, na magogo yakateremka kutoka juu ya mlima hadi bondeni kama nyoka anayekimbia. Ilikuwa akili kubwa. Lakini hadi miaka ya 1890 sehemu kubwa ya misitu ya kuzunguka ziwa ilikuwa imekwisha kukatwa.

Upande wa mashariki, katika mji wa Eureka, walikuwa wakiyeyusha mawe ya risasi na fedha kwa mkaa. Kufika mwaka 1878 vilima vya karibu vilikuwa vipeupe. Mkaa uliletwa kutoka umbali wa kilomita zaidi ya 50. Wachoma mkaa wengi walikuwa wametoka Italia na Uswisi. Kazi yao ilikuwa ngumu na malipo madogo. Mwaka 1879 kampuni zikapunguza bei. Wachoma mkaa wakaungana, wakataka senti 30 kwa kipimo kimoja, ambacho ni karibu madebe mawili. Wakazuia mkaa usipite. Tarehe 18 Agosti 1879 kikosi cha watu wa sheria kiliwafyatulia risasi. Watano wakafa, na mgomo ukavunjika.

ZEBAKI MTONI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wachimbaji wetu wanalijua.

Jiwe la fedha likitoka mgodini lilipelekwa kwenye kinu. Kinu kilikuwa na nguzo nzito za chuma zilizopanda na kushuka, zikiponda mawe kama mchi katika kinu cha kutwangia. Unga wa mawe uliingizwa katika masufuria makubwa ya chuma pamoja na maji, chumvi na zebaki. Mashine ilikoroga huku mvuke ukipasha moto. Zebaki hushika fedha na dhahabu. Kisha mchanganyiko ule ulichomwa, zebaki ikageuka mvuke, na madini yakabaki.

Zebaki nyingine ilikusanywa ikatumika tena. Lakini nyingi ilipotea. Ilitoka na matope ya kinu hadi mto Carson. Kwa miaka yote ya Comstock zilipotea hivyo maelfu ya tani za zebaki.

Tunakumbuka tulivyosema kuhusu mito ya Nevada? Mto Carson haufiki baharini. Unaishia ndani ya nchi. Basi zebaki ile ilibaki kwenye tope la mto, kwenye mabwawa na kwenye maziwa ya chini. Vijidudu vya majini huibadilisha ikawa sumu kali zaidi. Sumu huingia katika wadudu wa majini, samaki wadogo wakawala wadudu, samaki wakubwa wakawala wadogo. Kila hatua sumu huongezeka.

Mwaka 1990 serikali ya Marekani iliuweka mto huo katika orodha ya mahali palipochafuliwa sana panapohitaji kusafishwa. Hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100 tangu vinu vingi vinyamaze. Watu wakashauriwa wasile samaki wa sehemu za chini za mto ule. Mchimbaji alikufa, mwenye kinu alikufa, wajukuu wao walikufa. Zebaki haikufa.

NANI ALIKULA?

Kati ya mwaka 1859 na 1882 mwamba wa Comstock ulitoa fedha na dhahabu za thamani ya dola milioni 300 hivi. Kwa wakati ule zilikuwa pesa zisizohesabika. Zilikwenda wapi?

Migodi iligawanywa katika hisa. Hisa ni kipande cha kumiliki kampuni. Soko la hisa lilikuwa San Francisco, katika jimbo jirani la California. Wapishi, wafua nguo, walimu na wachimbaji wenyewe walinunua hisa kwa akiba zao. Waliokaa karibu na siri za mgodi walijua mapema kama fedha imeonekana au imekwisha. Walinunua kabla bei haijapanda na kuuza kabla haijashuka. Mtu wa kawaida alipopata habari, mchezo ulikuwa umekwisha. Wajinga ndio waliwao.

Benki moja kubwa ya San Francisco ilikopesha vinu. Wenye vinu waliposhindwa kulipa, benki ikavichukua. Mwakilishi wake huko Nevada, William Sharon, akawa mtu mwenye nguvu kuliko wote, na mwaka 1875 akawa seneta wa jimbo. Lakini hakuhudhuria baraza ila mara chache sana.

Mwaka 1873 lilipatikana fungu kubwa kuliko yote. Wakubwa wanne, John Mackay, James Fair, James Flood na William O'Brien, ndio waliolimiliki. Baadhi yao walijenga majumba ya fahari San Francisco. Pesa iliyochimbwa Nevada ilijenga mji wa jimbo jingine.

MJI UNAPOTOKA ROHO

Fedha ni kama mahindi ghalani ambayo hayana shamba. Ukila, hakuna msimu wa kuvuna tena. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mawe mazuri yalianza kwisha. Maji ya moto chini yalishinda pampu. Bei ya fedha duniani nayo ilishuka.

Hesabu ya watu inaeleza yenyewe. Mwaka 1860 walihesabiwa watu 6,857. Mwaka 1870 walikuwa 42,491. Mwaka 1880 walikuwa 62,266. Mwaka 1890 wakashuka hadi 47,355. Mwaka 1900 wakashuka tena hadi 42,335. Wenyeji wengi hawakuhesabiwa katika sensa za mwanzo. Katika miaka 20 jimbo lilipoteza karibu mtu mmoja katika kila watatu. Watu wengine nchini wakaanza kuuliza kama inafaa Nevada iendelee kuwa jimbo.

Waliobaki walishika ng'ombe, kondoo na majani ya malisho. Nako kulikuwa na somo. Waliongeza mifugo kupita nguvu ya nyasi, bila kuweka chakula cha akiba. Majira ya baridi ya 1889 hadi 1890 yalikuja na theluji nyingi sana. Ng'ombe hawakuona nyasi. Walikufa maelfu kwa maelfu. Baada ya hapo wafugaji waliojifunza walianza kukata majani na kuyaweka kwa ajili ya baridi.

Wengine waligeukia kilimo cha maji ya mifereji. Mwaka 1905 serikali ilimaliza bwawa la Derby kwenye mto Truckee ili maji yaende mashambani. Mashamba yakastawi. Lakini maji yale yalikuwa ya ziwa Pyramid, ziwa la Wapaiute. Ziwa likashuka zaidi ya mita 20. Samaki wakashindwa kupanda mto kutaga. Kufika miaka ya 1940 samaki wakubwa wa asili wa ziwa lile walikuwa wamekwisha humo.

SAUTI YA WENYEJI

Ndugu msomaji, wewe na mimi tunajua thamani ya kalamu. Kulikuwa na mwanamke wa Kipaiute, Sarah Winnemucca. Alijifunza kusoma na kuandika Kiingereza. Alizunguka miji mikubwa akihutubia juu ya mateso ya watu wake. Mwaka 1883 alitoa kitabu kuhusu maisha ya Wapaiute na madhara waliyopata. Mwaka 1885 alifungua shule ya watoto wa Kipaiute karibu na mji wa Lovelock, wakafundishwa bila kutenganishwa na wazazi wao. Serikali haikumpa msaada, na shule ikafungwa baada ya miaka michache. Lakini kitabu kilibaki. Maneno yaliyosemwa tu yangepotea. Yaliyoandikwa tunayajua mpaka leo.

Watoto na wajukuu wa Wapaiute hawakunyamaza. Walidai maji yao mahakamani na serikalini kwa miaka mingi. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya kugawana maji ya mto Truckee na Carson, iliyotambua haki ya ziwa na samaki wake. Samaki wa ukoo ule ule wa zamani walipatikana katika kijito cha mbali, ambako mtu aliwahi kuwapandikiza. Wakazalishwa, wakarudishwa ziwani. Leo wanavuliwa tena Pyramid.

HABARI HII NA SISI

Nevada ya leo ina watu zaidi ya milioni 3. Bado inachimba dhahabu nyingi kuliko majimbo yote ya Marekani. Virginia City imebaki mji mdogo, na watalii huenda kuutazama.

Sisi hapa tunayo machimbo. Wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu bado hutumia zebaki, na wengine huichoma jikoni karibu na watoto. Mvuke wake hauonekani, lakini huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Basi tusichome zebaki ndani ya nyumba. Wajawazito na watoto wakae mbali kabisa. Zebaki isishikwe kwa mikono mitupu. Kuna chombo cha chuma chenye mfuniko, kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki. Kikundi kinaweza kununua kimoja kwa pamoja. Marudio yasimwagwe mtoni wala kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe.

Kuhusu matimba, tuulize kabla ya kukata: mti huu nani atapanda mwingine? Na kuhusu mapato, mkutano wa kijiji una haki ya kuuliza. Mgodi unatoa nini, kijiji kinapata nini, na kimeandikwa wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Madini yanaweza kujenga shule, zahanati na kisima. Hatusemi yasichimbwe. Tunasema tuchimbe tukijua kwamba siku moja yatakwisha, na siku hiyo watoto wetu watahitaji maji safi, miti na ardhi ya kulima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini uchafu wa mto Carson haukuondoka hata baada ya miaka 100?
2. Miti ya Nevada ilikuwa chakula kwa nani, na kuni kwa nani?
3. Chama cha wachimbaji kilifanya jambo gani jema? Kilikosea wapi?
4. Katika kijiji chetu, ni kitu gani kinachotoka na hakirudi? Kinatuachia nini?
5. Nani kati yetu ataandika majibu ya swali la nne katika daftari la kikundi?

Tusome, tujadili, tuandike.